Reli Imepandishwa Mlimani, Watu Je?

Sisi wa visiwani tunapoitaja Kilosa, aghalabu tunaitaja kwa ajili ya mambo ya kale. Ndani ya wilaya hiyo ya Mkoa wa Morogoro ndimo ulimo Msowero, mahali ambapo mwishoni mwa Novemba 1884 Mangungo alitia alama yake katika karatasi ya Carl Peters, karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, na kwa alama hiyo ikadaiwa kwamba nchi yake ameitoa. Februari 27, 1885 Kaiser akaupa uporaji ule waraka wake wa ulinzi. Seyyid Barghash akapinga, akisema kuwa Usagara ni milki yake. Na Agosti ya mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikaja kutia nanga mbele ya mji wa Unguja, hadi Seyyid akaridhia shingo upande. Kwa hiyo Kilosa si nchi ya mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo, msomaji, jambo lililotufanya tushike kalamu leo si la wafalme wala la manowari. Ni la watu wa kawaida waliohamishwa makwao kwa sababu ya maji, na la namna walivyoachwa huko walikohamishiwa.

Safari yenyewe siku hizi si taabu. Tangu Julai 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa reli mpya, na Kilosa ni mojawapo ya vituo vyake. Mtu aliyeondoka Malindi kwa boti ya asubuhi aweza kuwa Kilosa kabla jua halijatua, jambo ambalo wazee wetu waliokwenda bara kwa jahazi na garimoshi la makaa wangelisikia wangelidhani ni masihara. Tunalisema hili mwanzoni kwa sababu habari ya reli tutairudia, na hapo sifa itaambatana na swali.

Mji wa Kilosa umekaa bondeni, wala haukukaa hapo kwa ujinga wa mtu. Njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi ilifuata bonde la mto Mkondoa kwa kuwa hapo ndipo milima ya Usagara inapoacha mlango. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati waliufuata mlango huo huo, na mwaka 1909 reli ikafika Kilosa. Baada ya reli yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, ikaja pamba, kikaja kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, wakaja vibarua wa kila kabila wakachanganyika na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda waliokuwako. Ardhi ya bondeni ni nyeusi na laini. Mahindi, mpunga, nyanya, mboga na ndizi humea humo bila ya kubembelezwa. Rutuba hiyo haikutoka mbinguni. Imeletwa na mto, mwaka baada ya mwaka, na mto huo unaoleta rutuba ndio unaoleta mafuriko. Anayetaka kimoja hana budi kupokea na cha pili, ama ajenge kitu cha kuvitenganisha.

Kitu hicho kilijengwa. Zama za ukoloni lilipandishwa tuta kando ya Mkondoa ili kuukinga mji. Lakini mto huu una tabia ambayo sisi tusiokuwa na mito mikubwa hatuijui vyema. Huko juu, katika nyanda kavu za Dodoma na Mpwapwa, huitwa Kinyasungwe. Hushuka kwa ghadhabu milimani ukibeba mchanga na udongo wa mashamba yaliyokatwa miti, na ukifika Kilosa kwenye tambarare hupunguza mwendo na kuuachia mzigo wake. Kila mzigo unaoachwa huinua sakafu ya mto. Sakafu ikipanda, tuta hubaki fupi hata kama halikupunguzwa urefu. Na hapa lilipunguzwa pia, kwani watu walilima juu yake, ng'ombe walilikanyaga walipokwenda kunywa maji, na miaka ikapita bila ya mtu kuliziba pale lilipobomoka. (Kwa faida ya msomaji wa visiwani: maji haya haya huungana na Wami na kumwagika baharini upande wa Saadani, mkabala na Unguja. Udongo wa Kilosa unaopotea unapotelea mlangoni petu.)

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto ulivunja tuta na kuingia mjini. Maelfu ya watu walitoka usiku wakiacha kila kitu. Nyumba za udongo ziliyeyuka kama sukari. Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe ilisombwa vibaya, na treni za kwenda bara zikasimama kwa miezi. Walioona picha za wakati ule wanakumbuka mataruma yakining'inia hewani. Serikali, Chama cha Msalaba Mwekundu na watu wema walifika kwa mahema, unga na blanketi, na kwa hilo wanastahili shukrani. Baadaye viwanja vilipimwa mahali pa juu, pembezoni mwa mji, watu wakaambiwa: huku maji hayatawafuata.

Na kweli maji hayakuwafuata. Yamebaki bondeni, pamoja na kila kitu kingine.

Jina la makazi tuliyoyatembelea tunaliacha kwa makusudi, tusije tukawafanya wenyeji waulizwe kwa nini walizungumza na wageni. Itoshe kusema kwamba ni mahali panapofikiwa kwa pikipiki, kwa njia ya udongo mwekundu inayopanda na kuacha mji nyuma. Viwanja vimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Aliyevipima alikuwa bingwa wa kazi yake, na mtu aliyezoea vichochoro vya Ng'ambo huona raha kuitazama mistari hiyo. Lakini raha hiyo hudumu kidogo tu, kwa sababu baina ya nyumba na nyumba mna viwanja vilivyoota majani. Nyumba zilizopo ni za tofali za kuchoma au za udongo, mabati yakiwa yamebanwa kwa mawe. Katika ua mmoja tuliona kipande cha turubai la hema la msaada, maandishi yake yamefutika, kimefunikia banda la kuku.

Mzee mmoja tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kutusogezea kigoda. Hakuwa na maneno mengi. Tulipomuuliza kwa nini majirani zake wameviacha viwanja walivyopewa bure, alicheka kidogo akasema: "Mwanangu, kule chini maji huja mara moja kwa miaka mingi. Huku juu njaa huja kila mwezi." Mama aliyekuwa akichambua mchicha pembeni yake akaongeza kwamba shamba lake bado liko kule kule mtoni, kwamba huondoka alfajiri na kurudi jioni, na kwamba wakati wa kulinda mahindi yasiliwe na ngedere hulala huko huko kibandani, watoto akiwaacha na bibi yao. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, alisema, humeza nusu ya fedha ya mboga. Akienda kwa miguu mboga hunyauka kabla ya kufika sokoni. Jirani yake wa kushoto alipiga hesabu hiyo miaka miwili, halafu akauza mabati, akarudi bondeni.

Tunawaomba maofisa wanaosoma safu hii waitafakari vyema hesabu ya mama huyu, kwa sababu maofisini imezoeleka kusemwa kwamba wanaorudi mabondeni ni wakaidi. Neno hilo ni jepesi kulitamka na humpumzisha anayelitamka. Mtu akishaitwa mkaidi, haulizwi tena anakula nini. Lakini tuliyemwona sisi hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa mtu mwenye hisabati nzuri. Anajua kwamba mto unaua. Anajua pia kwamba kiwanja cha hatua ishirini kwa thelathini juu ya changarawe hakioti mchicha. Baina ya hatari ya mbali na dhiki ya karibu amechagua kama walivyochagua wanadamu wote tangu kuumbwa kwa dunia, na kama angelichagua ofisa huyo huyo lau mshahara wake ungelikuwa unaota bondeni.

Sheria haimsaidii. Sheria ya Ardhi ya Bara ya mwaka 1999 inaiweka ardhi iliyo ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto katika fungu la ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu katika masafa hayo hayo. Ni sheria za haki na zina maana yake. Ila zimemwambia mwananchi mahali pa kutokaa bila ya kumwambia mahali pa kulima, na kwa mkulima mambo hayo mawili ni jambo moja.

Lipo neno jingine kuhusu ardhi ya Kilosa ambalo mtu wa mjini hulisahau. Ardhi ya juu haikuwa tupu wakati watu wa chini walipohamishwa. Wilaya hii ina mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa tangu bei ilipoanguka, ambayo baadhi ya hati zake zilifutwa miaka ya karibuni ili yagawiwe wananchi. Ina wafugaji Waparakuyo waliofika zamani. Ina wakulima wanaotafuta nafasi kila upande. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji walipambana na zaidi ya watu 30 wakauawa. Aliyesoma habari ile hawezi tena kusema kwa wepesi, "wahamisheni wakakae kule". Kule kuna watu. Kila mahali tunapopaita kule kuna watu.

Sasa turudi kwenye reli kama tulivyoahidi. Wahandisi waliopanga reli mpya ya umeme waliutazama mto Mkondoa, wakasoma historia ya mafuriko yake na ya reli ya zamani iliyokuwa ikikatika na kuungwa, kukatika na kuungwa, na wakaamua kwamba reli mpya isifuate tena ukingo. Wakaipandisha. Milima ya Kilosa ikatobolewa mahandaki manne, madaraja yakanyanyuliwa, na treni sasa hupita juu ikiuacha mto na vituko vyake. Gharama yake ilikuwa kubwa na hatujamsikia mtu mwenye akili akiilalamikia, kwani kila mmoja anaelewa kwamba reli haihamishwi kwa kuambiwa "hama". Inahamishwa kwa kupimiwa, kutobolewa njia, kuwekewa nguzo, kuvutiwa umeme, na kuunganishwa upya na kila kituo inachokihudumia. Haikukubaliwa reli ipandishwe mlimani halafu kituo cha abiria kiachwe kwenye matope.

Basi swali letu ni hili. Kwa nini elimu hiyo yote hutumika kwa reli, na kwa binadamu hutumika kamba ya kupimia na mambo ya kufwekea majani? Mtu naye ana vituo vyake anavyopaswa kuunganishwa navyo: shamba, soko, kisima, skuli, zahanati, msikiti au kanisa, na kaburi la wazazi. Ukimpandisha mlimani bila ya kumwekea njia ya kurudi katika vituo hivyo, hukumhamisha. Umemkata vipande, kipande kimoja kikalala juu na kingine kikalima chini.

Hatusemi kwamba Serikali haiwezi. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 3, 2023, zilijengwa nyumba za matofali kwa walionusurika, wakakabidhiwa mwaka uliofuata. Jambo lile lilifanyika upesi kwa sababu taifa zima lilikuwa likitazama. Kilosa haikutazamwa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Kutoka Kilosa tulishika barabara ya kusini inayopita kijiji kiitwacho Ulaya, jina ambalo lilitufanya tucheke, maana dereva alitutangazia kwa sauti kuwa tumeshafika Ulaya na hakuna aliyeulizwa viza. Mwisho wa njia hiyo ni Mikumi, ambako barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia inakutana na njia ya Kilosa na ya Kidatu. Mikumi ni mji wa malori, nyama ya kuchoma na nyumba za kulala wageni. Mbuga yenyewe ilitangazwa mwaka 1964, ikaongezwa mwaka 1975, na ina kilomita za mraba 3,230; barabara kuu huikata kwa kiasi cha kilomita 50, na abiria wa basi humwona twiga bila ya kulipa kiingilio. Mwaka 1992 ikatangazwa na Hifadhi ya Milima ya Udzungwa upande wa kusini. Mji wa Mikumi umebanwa baina ya hifadhi hizo mbili, na kila mwaka unaongeza watu.

Pembezoni mwa mji huo tulikuta ndugu wa wale tuliowaacha Kilosa, si kwa damu bali kwa hali. Hapa mto wao ni tembo. Mtu analima eka mbili za mahindi. Yakikaribia kukomaa, tembo watano huingia usiku, na asubuhi hakuna cha kuvuna. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka malipo ya namna mbili, nayo yana majina ambayo mshairi angejivunia kuyabuni: kifuta jasho kwa aliyepoteza mazao, na kifuta machozi kwa aliyepoteza mtu. Hayaitwi fidia, na asiyeitwa kwa jina lake hadai haki yake. Zaidi ya hapo, kanuni hizo zilipanga kwamba kadiri shamba linavyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi, ndivyo malipo yanavyopungua. Mantiki yake tunaielewa: asilipwe mtu aliyelifuata balaa nyumbani kwake. Lakini kijana tuliyezungumza naye alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake. Babu yake alikuwa akilima pale kabla ya mipaka kusogezwa; je, ni babu aliyeufuata mpaka, au ni mpaka uliomfuata babu?

Wala jambo hili si la Tanzania peke yake. Huko Asia ya Kati, pembezoni mwa Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia, tangu mwisho wa miaka ya 1980 maelfu ya watu walioondoka mashamba na milimani kutafuta riziki walijigawia au walipewa viwanja kuuzunguka mji. Ikazaliwa mitaa mingi ambayo wenyewe huiita kwa neno la Kirusi lenye maana ya ujenzi mpya. Mitaa mingine ilikaa miaka mingi bila ya maji ya mfereji, mingine ikasimama chini ya nyaya za umeme mkubwa, na mmoja uko kando ya jaa la taka la mji. Kuna jamboDogo la kiofisi lililowaumiza watu wale kuliko ukosefu wa mabomba. Nchi ile ilirithi kutoka kwa Wasovieti desturi ya muhuri wa ukaazi. Asiyekuwa na muhuri wa mji, au asiyekuwa na hati ya nyumba anayokaa, hupata taabu kumwandikisha mtoto skuli, kutibiwa, kulipwa pensheni na hata kupiga kura. Akawa mtu yupo mjini kwa macho, hayupo kwa daftari.

Tunamwomba msomaji wa Unguja na Pemba asipite haraka juu ya jambo hilo la muhuri. Sisi tunazo barua za sheha. Hapana mtu wa visiwani asiyejua uzito wa barua hiyo: kitambulisho, skuli, mkopo, mirathi, kesi, yote huanzia kwa sheha. Familia inayotolewa katika shehia moja kwa sababu ya maji na kupelekwa katika shehia nyingine hufika kwa sheha asiyewajua, akiwa na haki ya kuwauliza ni akina nani. Nako walikotoka hawamo tena. Kwa mwenye kupigania jina lake katika daftari la wapiga kura, masharti ya muda wa ukaazi jimboni huhesabiwa upya kama kwamba alihama kwa matakwa yake. Mvua imemtoa nyumbani, na karatasi ikamtoa katika nchi.

Na maji hayo kwetu si hadithi. Masika ya mwaka 2005 Sebleni ilizama. Mwaka 2015 na 2017 mvua kubwa ziliyajaza tena maeneo ya chini ya mji wetu, Mwanakwerekwe ikiwa mfano unaojulikana na kila dereva wa daladala. Kwa mradi wa huduma za miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilichimbwa mitaro mikubwa ya maji ya mvua, na mwenye kusema haikusaidia hatendi haki. Lakini mtaro ni kama lile tuta la Kilosa. Siku ya kwanza ni kazi ya mhandisi. Kuanzia siku ya pili ni kazi ya mtu wa kuusafisha. Mtaro unaotupwa chupa za plastiki na maganda ya madafu hupanda sakafu kama Mkondoa, na ufupi wake hautaonekana mpaka usiku wa mvua.

Mji wetu unapanuka kila upande. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi, yaani karibu nusu ya Wazanzibari wamesongamana katika mkoa mmoja. Wanaokosa nafasi juu hujenga chini, mahali ambapo wazee waliacha wazi kwa sababu walijua kuwa ni bwawa. Ipo siku, na haiko mbali, tutalazimika kuwaondosha wengi wao. Swali ni tutawapeleka wapi na kwa namna gani, na huko Kilosa tumeona majibu mawili yaliyokwisha kujaribiwa: lililotumika kwa reli, na lililotumika kwa watu.

Tunayo sababu ya kutarajia mazuri, kwa kuwa visiwa hivi viliwahi kuhamisha watu kwa ukarimu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wananchi waligawiwa eka tatu tatu, mashamba na si viwanja vya kulala tu. Aliyepewa alijua atakula nini. Zikajengwa nyumba za ghorofa Kikwajuni na Michenzani, zikajengwa Makunduchi, Wete na Mkoani pia, ili mtu wa shamba asione kwamba maendeleo ni ya mjini peke yake. Nyumba zile zina dosari zake, tunazijua sote tuliopanda ngazi zake na ndoo ya maji kichwani. Lakini mtu aliyehamia Michenzani alibaki masafa ya mguu kutoka Darajani. Hakukatwa na soko lake. Hili ndilo tunalolisisitiza, kwa kuwa siku hizi viwanja vya kuhamishia watu hutafutwa mbali zaidi kila mwaka, na umbali haugharimiwi na anayeupanga.

Kwa hiyo maofisa wa ardhi, wa maafa na wa serikali za mitaa wanaotusoma tunawaambia hivi. Familia ikihamishwa kutoka bonde la mpunga, kama Cheju au Bumbwisudi, ibakishiwe kwa maandishi haki ya kulima bonde lake na ikalale juu. Isilazimishwe kuchagua baina ya usalama na wali. Kisima kichimbwe na njia ya daladala ipitishwe kabla ya gari la kwanza la mizigo, sio baada ya malalamiko ya mwaka wa tatu. Hati itolewe siku ya kukabidhiwa nyumba, na jina la mke liwemo, kwani tumeona kwa macho yetu kwamba mwanamme anapochoka huuza mabati, na anayebaki na watoto kwenye ukuta usio na paa ni mwanamke. Na sheha wa kule waendako aitwe mapema, apewe orodha ya majina, awapokee kama anavyopokelewa mkwe.

Kuna watakaosema kwamba fedha hakuna. Inawezekana. Lakini gharama ya kumhamisha mtu mara moja kwa ukamilifu ni ndogo kuliko ya kumhamisha mara mbili, kumwokoa kwa mtumbwi baina ya mara hizo mbili, na kumpelekea unga na blanketi kila mafuriko. Wizara ya fedha inaweza kupiga hesabu hiyo vizuri zaidi kuliko sisi. Tunachoomba ni kwamba ipigwe, na kwamba mama wa mchicha awemo ndani yake, pamoja na nauli yake ya bodaboda.

Kwa kuanzia, kazi moja haihitaji mkopo wala mhandisi. Masika huanza mwezi wa Machi. Kabla ya hapo, kila afisi ya sheha katika maeneo ya chini ya Mjini na Magharibi ingeweza kubandika ukutani orodha ya familia zilizowahi kuondoshwa kwa sababu ya maji, mahali zilikopelekwa, na mahali zinapolala hivi sasa. Safu ya tatu ya orodha hiyo ndiyo tunayotaka kuisoma.